Mama Chokaa na Shafti Zilizolazwa

Mama huyo alizaliwa na kinyaa. Akiosha kikombe, atakinusa, kisha atakiosha tena. Maziwa yakikaa kidogo tu, hanywi. Wifi zake walisema ana maringo. Hayakuwa maringo. Uchafu ulimpanda kooni, basi, kama wengine wanavyopandwa na moshi.

Hata mumewe alipomfuata mara ya kwanza hakujibiwa. Mama alimtazama vidole. Jamaa alikuwa mkata mawe, na kucha zake zilijaa vumbi na damu iliyoganda.

"Nenda kaoshe hizo kucha," akamwambia. "Halafu ndiyo uje useme ulichotaka kusema."

Akaenda akaosha. Aliporudi maneno yenyewe yalikuwa yameshamtoka kichwani, akabaki anacheka peke yake. Wakaoana.

Sasa mtu wa namna hiyo, kazi aliyokuja kuipata ndiyo hiyo: kuosha vyuma kwenye karakana ya machimbo ya mawe, palepale mumewe alipokuwa anakata.

Machimbo yalikuwa shimo refu. Juu yake ilisimama winchi, yaani ngoma kubwa ya chuma inayozungushwa na injini na kuviringa waya mnene. Mwisho wa waya palining'inia kizimba. Asubuhi kizimba kiliteremsha watu, mchana kutwa kikapandisha mawe, jioni kikawapandisha watu wenyewe. Ngoma ilishikwa katikati na shafti moja, mhimili wa chuma mnene kama kifundo cha mkono wa mwanamume, na uzito wote uliegemea hapo. Ikikatika, ngoma inaanguka na kizimba kinakwenda.

Karakana ilikuwa banda la bati. Sakafu nyeusi, mafuta yameganda juu yake kama uji uliolala, kandambili za mama zikinasa kila hatua. Kona moja ilikuwa ya kukojolea, ingawa choo kilikuwepo nje. Vikombe vya chai vilioshwa kwenye debe lilelile la kuoshea boliti. Na katikati ya hayo yote aliketi Nyapara, msimamizi wa karakana. Kikohozi hakikumwacha. Alitema makohozi popote palipokuwa karibu: ukutani, kwenye kopo, mara nyingine kwenye chuma chenyewe.

Kubwa zaidi ya yote ilikuwa chanja. Chanja ya mbao, imejengwa nyuma, gizani. Watu waliiita wodi.

Winchi ilikuwa na shafti mbili za kupokezana. Moja ikifanya kazi muda mrefu, Nyapara aliitegea sikio, akatikisa kichwa. "Hii imechoka. Ilazeni. Amsheni ile nyingine." Basi inafunguliwa, inapakwa mafuta ya mnyama, inafungwa gunia, inalazwa kwenye chanja. Miezi ikipita inaamshwa, inarudishwa kazini, na ile nyingine inalazwa. Ndivyo walivyofanya tangu zamani. Nyapara alifundishwa na nyapara aliyemtangulia, na hakuna aliyeona ajabu. Hata mkata mawe, mumewe mama, alisema nyumbani, "Punda naye akipumzika hupata nguvu."

"Punda hafungwi gunia," mkewe akamjibu. "Na punda hatoi funza."

Maana mafuta yale yalioza. Kuiamsha shafti ilikuwa kazi ya mama. Anafungua gunia, harufu inamvamia kama mtu mwenye ugomvi, na ndani mafuta yamekuwa ya kijani, funza weupe wanajinyonganyonga. Alikuwa akifunga kanga puani na kupangusa. Akirudi nyumbani hali. Mumewe humega peke yake, na mama huketi mlangoni akisugua mikono kwa majivu.

Lile jina la Mama Chokaa lilitokana na namna yake ya kuosha. Fundi mmoja mzee, kabla hajaacha kazi, alimwonyesha. Unakisafisha chuma mpaka kiwe kikavu. Unakilaza ndani ya mafuta ya taa, unakiacha. Unakitoa, unakipangusa kabisa, kisha unakipaka chokaa nyembamba, inakauka nyeupe. Unakigonga kidogo. Kama chuma ni kizima, kinabaki cheupe. Kama kina ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, mafuta ya taa yaliyoingia ndani yanatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chokaa. Mama aliipenda njia hiyo kuliko kitu chochote karakanani. Kwake ufa ulikuwa uchafu usiokubali kuoshwa. Alitaka kujua ulipo.

Nyapara hakuipenda. "Unatupakia rangi vyuma kama vile tunajenga nyumba ya harusi!"

Siku moja winchi ilitoa mlio mbaya mpaka ofisini wakausikia. Ofisi ikaleta Injinia. Alikuwa mtu wa makamo, hana makuu, ana leso safi mfukoni. Aliletewa chai. Akatazama ndani ya kikombe, akakirudisha mezani polepole. Mama Chokaa akampenda papo hapo.

Injinia akaanza na shafti iliyokuwa kazini. "Hii ina muda gani?"

"Miaka mingi," akasema Nyapara. "Lakini imelala sana."

"Imelala?"

"Eee. Tunaipumzisha. Ikichoka tunailaza pale."

Injinia akageuka akatazama chanja, akamtazama tena Nyapara, kama mtu anayetafuta mahali pa kucheka asipaone. "Mzee wangu, chuma hakipumziki. Wewe ukilala unaamka na nguvu kwa kuwa una damu. Hiki kina damu?"

"Kina mafuta," akajibu Nyapara, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Injinia hakukasirika. Akaomba kipande cha chokaa, akachuchumaa juu ya sakafu ile chafu, akapachagua mahali pa kuweka goti. Akachora. Mzigo, alisema, unavuta kwenda chini siku zote. Shafti ndiyo inayogeuka. Kwa hiyo upande uliokuwa unavutwa, nusu mzunguko baadaye unabanwa. Halafu unavutwa tena. Kila mzunguko mmoja ni kupinda huku na kupinda kule, kidogo mno, hakuna anayeona. Lakini kila mara kitu fulani kidogo kinakatika ndani, hasa hapa, na akaonyesha pembe kali pale shafti inapopungua unene. Ukiiacha mwezi, ukiiacha mwaka, kilichokatika hakiungi. Inakungoja palepale ulipoishia.

Akauliza ngoma inazunguka mara ngapi kizimba kikipanda, na vizimba vingapi kwa siku, na kwa miaka mingapi. Akazidisha kwenye karatasi. Akauliza mzigo.

"Mpaka ukingoni tu," akasema Nyapara.

"Ukingoni?" Mama Chokaa akadakia kutoka kwenye debe lake. "Mawe yanapanda mpaka yanakuwa kilima!"

"Mama, wewe osha."

"Naosha. Lakini macho hayajafungwa."

Injinia akaikata hesabu ya kwanza, akaanza upya. "Hapo ndipo mambo yanapogeuka," akasema. "Ukizidisha mzigo kidogo, umri haupungui kidogo. Unaporomoka." Akachora mstari unaoshuka kama paa la nyumba.

"Sasa imebakiwa na kiasi gani?" mama akauliza.

"Hii iliyopo kazini ina muda kidogo. Ile pale kwenye chanja, kwa hesabu, umri wake umekwisha."

"Itavunjika lini?"

"Sijui, mama." Alisema hivyo wazi. "Ukikata vipande kutoka ufito mmoja, ukavizungusha vyote kwa mzigo uleule, kimoja kitavunjika mapema na kingine kitadumu mara kadhaa zaidi ya hicho. Haya ni makisio. Kwa hiyo hatungoji siku yenyewe. Tunatoa mapema."

Akaitoa gunia ile shafti ya chanjani, akafunika pua kwa leso, akaichora msalaba mkubwa wa rangi nyekundu. Akaiambia ofisi: hii itupwe, na iagizwe mpya. Ofisi ikasema sawa. Injinia akaondoka.

Ofisi ikisema sawa, maana yake imesikia. Shafti mpya haikuja. Mvua zikaja, zikaondoka.

Kisha beringi moja ya winchi, ile inayoishika shafti ikizunguka, ikaganda, ikaikwaruza vibaya shafti iliyokuwa kazini. Lazima ibadilishwe. Asubuhi hiyo wakata mawe walikuwa wameketi juu ya mawe nje ya banda, vikopo vya chakula magotini, nyundo zao ubavuni, wakingoja kuteremshwa. Mumewe mama alikuwa mmoja wao. Nyapara akawatuma watu wawili wakatoa kitu kwenye chanja, wakakiweka juu ya magogo mawili karibu na mlango.

"Osha hiyo," akamwambia mama. "Upesi. Watu wanangoja."

Mama akafungua gunia. Ile harufu. Funza wakadondoka juu ya miguu yake. Akapangusa, akapangusa, na chini ya uozo kitambaa kikatoka na wekundu. Akatazama vizuri. Rangi ilikuwa imesuguliwa kwa petroli, lakini ndani ya mikwaruzo ya chuma ilikuwa imebaki. Mikono miwili ya msalaba.

"Mzee," akasema, "si ndiyo ile ya Injinia hii?"

"Ile ilikuwa imechoka. Hii imelala tangu kabla ya mvua."

"Ni hiyohiyo!"

"Ndiyo hiyohiyo," Nyapara akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Lakini sasa imelala."

Mama hakubishana. Akamwaga mafuta ya taa kwenye bomba lililopasuliwa kwa urefu, akaizamisha, akakaa nayo ingawa Nyapara alipiga kelele. Akaitoa, akairudisha juu ya magogo, akaipangusa, akaipaka chokaa, akaipepea kwa kipande cha boksi mpaka ikakauka. Akagonga.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha, palepale penye ile pembe, mstari. Mwembamba kama unywele. Ukanenepa. Ukazunguka, ukaendelea kuzunguka, mpaka ukakaribia kukutana na mkia wake.

"Njoo uone, mzee."

Nyapara akaja na kikombe cha chai mkononi. Akainama. Akaitemea shafti mate, akayasugua kwa kidole gumba mpaka chokaa na mstari vikawa tope. "Mstari gani? Uchafu huo." Kidole kilekile akakitumbukiza kwenye chai kutoa nzi, akanywa.

Mama akapangusa, akapaka tena. Mstari ukarudi.

"Unaona?"

"Naona mwanamke anachelewesha kazi. Haya, nyanyueni!"

Mama akatoka mlangoni. "Baba watoto! Njoo."

Wakata mawe wakapata la kusema. "Kaitwa nyumbani!" "Nenda bwana, chumvi imezidi huko!" "Kamuulize kama na sisi tunaruhusiwa!"

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Akainuka, akaja, akasimama juu ya ile shafti. Alitazama mstari kama anavyotazama jiwe kabla hajaligusa.

"Umeingia ndani kiasi gani?"

"Sijui. Chokaa inaonyesha mlango, haionyeshi chumba."

Akainama, akausogezea jicho.

"Leo hushuki," mama akasema.

"Nisiposhuka mimi watashuka wao."

"Basi ivunje."

"Mali ya watu hii."

"Na wewe ni mali ya nani?"

Wale watu wawili wa karakana walikuwa wameshainama kuinyanyua. Mkata mawe akawaambia, "Sogeeni." Akatoka, akarudi na nyundo yake kubwa, ile ya kupasulia mawe. Nyapara akadhani ni mzaha. Jamaa akatema viganjani, akaangalia upande, akaona mkewe amekunja uso, akafuta viganja kwenye suruali. Akashika mpini.

"Wapi?"

"Hapa." Mama akaweka kidole juu ya mstari, akakiondoa.

Chuma kizima ukikipiga hulia. Kile kilikohoa. Akapiga tena palepale, maana kupiga palepale ndiyo kazi yake. Nyapara alikuwa anapiga mayowe, "Wewe! Wewe! Una wazimu?" Nyundo ikashuka tena, na tena, na ghafla shafti ikalegea katikati ya magogo, vipande viwili vikabingirika sakafuni.

Wale wa nje waliacha utani, wakajazana mlangoni.

Mama Chokaa ndiye aliyeinama kwanza. Uso wa pale palipokatika ulikuwa na sehemu mbili. Karibu wote ulikuwa laini, mweusi, wenye duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Kila duara lilikuwa kipindi cha kazi, ufa umetambaa, ukasimama shafti ilipolazwa, ukatambaa tena ilipoamshwa. Na katikati ya maduara palikuwa na mafuta. Yale mafuta ya mnyama. Yalikuwa yameingia ndani ya ufa na kuozea humo, na sasa yalikuwa yanachuruzika kama usaha kutoka kwenye jipu. Sehemu mpya, ile iliyovunjwa na nyundo, ilikuwa kijipande cheupe ukingoni. Hicho ndicho kilichokuwa kinangojewa kibebe watu.

Mkata mawe mmoja, mwembamba, mwenye mdomo kuliko wote, akakiokota kipande. Akaweka kidole chake juu ya ile sehemu nyeupe. Kidole kikaifunika yote. Akainusa, akakitupa, akakimbilia nje, na wote wakamsikia akitapika.

"Umeivunja!" Nyapara alisema. "Ilikuwa nzima na umeivunja!"

"Nzima?" mtu akasema mlangoni. "Mzee, hii ilikuwa inaning'inia kwa ukucha."

Nyapara akainama, akatazama. Alitazama kwa muda. Watu wakadhani sasa ameona. Akajinyoosha, akakohoa, akatema.

"Ilikuwa haijalala ya kutosha," akasema.

Hapo ndipo Mama Chokaa alipofungua kanga puani, akaikung'uta, akajifunga kiunoni. Akatoka. Hakurudi tena karakanani, na hakuna aliyemfuata kumwomba arudi.

Mtu angedhani watu wangemshukuru. Siku ile, ndiyo, walimshukuru. Wengine walikuja mpaka nyumbani, wakaketi, wakasema Mungu amewaona. Lakini winchi sasa haikuwa na shafti, na mpya ilichukua muda wake. Kizimba kikakaa juu, kimeinama upande. Wakata mawe wakawa wanashuka na kupanda kwa ngazi za mbao, kutwa mara mbili, shimo lenyewe refu mpaka ukichungulia kichwa kinazunguka. Mawe yakapandishwa kwa kamba na mikono.

Wiki ya pili maneno yakaanza. "Mama Chokaa katukosesha winchi." Wiki ya tatu wake zao wakaacha kumpisha penye bomba la maji. Na siku moja yule mwembamba, yule aliyetapika, mama alimsikia kwa masikio yake akisema kwenye foleni ya dukani, "Ile shafti ingefika. Hata miezi miwili mbele ingefika. Watu wana haraka tu."

Mama alikuwa nyuma yake. Aliweka chini alichokuwa amekuja kununua, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mumewe alipomuuliza, akasema, "Funza wale nilikuwa nawapangusa kwa kitambaa. Hawa nitawapangusa kwa nini?"

Yeye mkata mawe aliendelea kwenda. Hakuwa na kazi nyingine. Hakujibu masimango, alipanda ngazi nyuma ya wenzake na kushuka mbele yao. Ila hakuwa kijana tena. Magoti yake yalivimba. Jioni alikuwa anaingia ndani akishika ukuta, anaketi kitandani, na mama anapasha maji, anachovya kitambaa safi, anamkanda. Goti moja, kisha jingine. Mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu kwa mtu mdogo vile.

Jioni moja alimkanda kwa nguvu mno. "Taratibu," mumewe akasema. "Yanauma."

"Yaache yaume."

"Mke wangu, yanauma kweli."

"Nimesikia." Akakamua kitambaa, akakichovya tena. "Magoti ya maiti hayaumi. Nyoosha mguu."

Akaunyoosha.

Shafti mpya ilikuja hatimaye. Machimbo yalifungwa baadaye, kwa sababu zake nyingine. Mama Chokaa alifia kitandani kwake, juu ya shuka aliyoifua mwenyewe, baada ya kuumwa muda mfupi. Mumewe, yule ambaye ile shafti ingemtanguliza, ndiye aliyebaki.

Magoti yanauma bado, hasa asubuhi. Maji anapasha mwenyewe.